Wachumba Kumi na Saba wa Georgette

Ninyi mnaoandika programu leo hapa Bunia mnaniita Papa Ordi, Baba Kompyuta, na mnapopita kwangu mnanisalimia kana kwamba nilijenga daraja. Asanteni. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza kama katika miaka yangu ya kazi niliwahi kuharibu kitu kikubwa. Nilicheka, nikamwambia nimesahau. Huo ulikuwa uongo. Niliwahi kuwapa wanaume kumi na saba mchumba mmoja, kwa siku moja, bila kuinuka kwenye kiti changu. Mambo kama hayo hayasahauliki, hata mtu akijitahidi.

Basi kaeni niwaeleze, na anayetaka kucheka acheke. Mimi mwenyewe nilichukua muda mrefu kabla ya kuweza.

Sikusoma chuo kikuu. Nilimaliza sekondari, section pédagogique, tawi la ualimu, nikaanza kupiga mashine ya kuandikia katika kibanda cha secrétariat public: barua za kuomba kazi, mialiko ya arusi, malalamiko ya majirani. Mashine ilipokufa nikapata kompyuta, na intaneti ilipofika nikajifunza kutengeneza tovuti, tayari nikiwa na mvi. Aliyenifunza aliitwa Espérance, mwanamke aliyelingana kwa umri na binti yangu wa pili. Alikuwa mwepesi wa akili na mwepesi wa kukasirika. Siku moja alinikuta nikiisifu kazi yangu kwenye simu yangu mwenyewe, akaniambia:

“Papa, simu yako inakupenda. Itakuonyesha mambo ya muzuri tu. Ukimaliza kazi, omba simu ya mutu mwenye hakupendi, uangalie nayo.”

Nilicheka kwa adabu. Neno lake sikuliandika mahali popote. Moyoni nilisema, huyu mtoto anataka kunifundisha hata namna ya kushika simu.

Sasa, kazi yenyewe. Parokia yetu ilikuwa inaandaa ndoa za pamoja, siku ya Jumamosi moja, wachumba wote mbele ya altare moja. Mnajua zilivyo: katika mstari huo kuna vijana ambao hawajawahi hata kupika chai pamoja, na kuna wazee wenye wajukuu ambao walioana zamani kwa mila, mbuzi wakatolewa, lakini kanisani hawakufika. Abbé wetu, padre wa parokia, alikuwa mkali. Aliyekosa somo moja la ndoa au karatasi moja, jina lake linatoka. Watu walikuwa wanajaa mlangoni kwake kuuliza, “Abbé, ya kwangu iko sawa?” mpaka akashindwa kula. Akaniita nitengeneze tovuti.

Nikaitengeneza. Ilikuwa na saa za misa, matangazo, picha za kwaya, na ukurasa mmoja ulioitwa “Dossier yangu”, yaani faili langu la ndoa. Mtu anaingia kwa neno lake la siri, anasoma mistari mitatu tu: mchumba wako ni fulani, masomo yaliyobaki ni kadhaa, karatasi inayokosekana ni hii.

Mnaona kinachokosekana hapo? Jina la mwenye dossier. Niliondoa kwa makusudi ili ukurasa uwe mwepesi, kwa sababu niliwaza, ni nani asiyejua jina lake? Nilijiona mwenye akili sana. Na neno la siri nilitoa moja tu kwa kila dossier, nikampa mwanamume. Wanawake sikuwafikiria. Mke wangu, Mama Régine, aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba kazi ya ufundi ina sheria zake. Haikuwa na sheria yoyote. Nilikuwa nimechoka kuandika maneno ya siri.

Tovuti ilifanya kazi vizuri kwa siku nne. Kisha wachumba wakaanza kuogopa. Mtu anaifungua asubuhi, anaifungua saa sita, anaifungua amesimama kwenye foleni ya maji, kuhakikisha tu kwamba hajafutwa. Seva yetu ilikuwa kompyuta moja kuukuu, imewekwa katika chumba cha kanzu za kwaya, ikila umeme wa paneli ya jua. Kila alipoingia mtu, kompyuta ilikwenda kutafuta dossier yake kwenye hifadhi, ikahesabu masomo, ikapanga ukurasa, ikautuma. Wakiingia kumi pamoja, inakohoa. Wakiingia wote baada ya misa, inazimika.

Dawa ya ugonjwa huo ipo, na ninyi mnaijua: cache. Kwa yule asiyejua, afikirie mama anayepika maharage pale Iga Barrière. Gari likisimama, abiria wanashuka na njaa. Yule mama haanzi kuchambua maharage kwa kila anayekaa. Alishapika chungu kizima, anapakua tu. Cache ni hivyo hivyo: seva ikishatengeneza jibu mara moja, inalitunza, na anayefuata akiomba ukurasa ule ule anapakuliwa lililo chunguni. Na ikiwa umejenga tovuti yako juu ya kiunzi kilichotengenezwa na wengine, kama mimi, huna haja ya kuipika cache mwenyewe. Kuna plugin, yaani kipande cha programu kilichokwisha andaliwa, unakibandika, unajaza mipangilio, basi.

Nilikibandika. Mipangilio ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kusema kalamu iko juu ya meza. Nilienda polepole na kamusi. Palikuwa na kisanduku kimoja kilichokwisha wekwa alama, kikisema: usitunze kurasa za watu walioingia kwa neno la siri. Pembeni waliandika kwamba inashauriwa kukiacha hivyo. Nikakiangalia. Nikasema, lakini kurasa zinazotusumbua ni hizo hizo! Hawa wazungu hawajui shida ya Bunia. Nikaiondoa alama. Halafu pakaulizwa jibu litunzwe muda gani. Nikaweka wiki nzima, kompyuta ya watu ipumzike.

Nikafungua kwa simu yangu ukurasa wa saa za misa. Ulikuja kabla sijanyanyua kidole. Nikampigia Abbé simu, nikamwambia, “Abbé, sasa tovuti yako inakimbia kama pikipiki.” Akanibariki kwenye simu. Nikaenda kulala mchana.

Hapo ndipo maharage yalipoishia. Maharage ni ya wote. Lakini muuguzi akichukua dawa ya mgonjwa wa kitanda cha kwanza akawapakulia wodi nzima, hatutamsifu kwa haraka yake.

Mtu wa kwanza kufungua “Dossier yangu” baada ya kazi yangu alikuwa Bienvenu, dereva wa pikipiki, mchumba wa Georgette, msichana aliyekuwa na sauti ya kwanza katika kwaya. Seva ikatengeneza jibu lake: mchumba wako ni Georgette, masomo yaliyobaki ni mawili, karatasi zote ziko sawa. Ikalitia chunguni. Kuanzia dakika ile, kila mwanamume aliyeingia kwa neno lake la siri alipakuliwa Georgette.

Huko Rwambuzi, mtaa wa hapa hapa Bunia, alikuwapo mfanyabiashara aliyeitwa Papa Kasereka, aliyekuja na familia yake kutoka Butembo na kufungua duka la vitenge na sabuni. Binti yake Anualite alikuwa mchumba wa fundi mwashi aliyeitwa Dieudonné. Dieudonné alikuwa mtu wa Djugu. Familia yake ilikimbia vita, wazee wake wengine walitawanyika, wengine hawapo tena. Papa Kasereka hakumchukia, lakini alikuwa na swali ambalo hakulimaliza: huyu kijana, huko alikotoka, nani anamjua? Aliacha mke? Aliacha ahadi? Hapakuwa na mjomba wa kuulizwa. Kwa hiyo Dieudonné alikuwa na kitu kimoja tu cha kumwonyesha mkwe wake, nacho ni dossier yake kanisani, iliyochunguzwa na Abbé mwenyewe.

Jumatano ile alivaa shati jeupe, akaenda Rwambuzi. Baada ya salamu akafungua simu, na bila hata kuuangalia ukurasa, kwa sababu alishausoma mara ishirini wiki hiyo, akampa mzee kwa mikono miwili.

“Papa, soma weye mwenyewe. Karatasi yote imetimia.”

Papa Kasereka akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, ili nyumba nzima isikie mkwe alivyo mtu wa utaratibu.

“Muchumba wako ni Georgette.”

Dieudonné alinisimulia baadaye kwamba aliona kwanza miguu ya mzee ikiinuka.

“Georgette njo nani?”

“Papa, sijui Georgette.”

“Humujui, na kanisa linamujua! Mwanaume mwenye hawezi kuandikisha bibi moja mu kanisa, na jina moja, ule haiko mwanaume. Tangu Djugu mpaka hapa, njiani uliacha ngapi?”

Jioni shauri lilikuwa limekatwa. Anualite angepelekwa Butembo kwa shangazi yake Jumamosi, na mambo ya Dieudonné yamekwisha.

Dieudonné alikuja kwangu mbio, shati jeupe limelowa. Akaniuliza nimeandika nini. Na mimi nikamjibu neno ambalo mafundi wote wa mji huu tunalijua kuliko Baba Yetu.

“Ni réseau.”

Vijana, niwaungamie. Nimesema “ni réseau”, yaani kosa ni la mtandao, maisha yangu yote. Nimelisema nikiwa sijui. Nimelisema nikiwa najua. Mara moja nililisema mbele ya ofisi nzima huku waya wa umeme wa mashine yao uko mkononi mwangu, nimeuchomoa mimi. Watu walikubali, kwa sababu mtandao wetu una dhambi nyingi, na ukiuongezea moja hautajitetea. Siku ile nililisema kwa wachumba watatu waliokuja mmoja mmoja. Sikufungua hata kompyuta.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakunywa chai, na simu yangu iko mezani. Mimi nilikuwa na dossier ya majaribio, ambayo niliandika jina la mke wangu mahali pa mchumba. Mama Régine alikuwa na desturi ya kuifungua na kujiangalia. Ilimfurahisha kuitwa mchumba. Akaichukua simu, akaisoma, akaiweka mezani kifudifudi. Nikashusha kikombe.

“Baba Régine. Georgette njo nani?”

“Ni réseau,” nikasema. Mdomo ulisema peke yake.

“Réseau iko na jina sasa? Iko naimba mu kwaya?”

“Sikiliza, mama…”

“Miye nasikiliza tangu miaka yote. Leo weye utanisikiliza. Ile mutoto unaweza kumuzaa!”

Nilikimbilia kompyuta nikiwa na mkate mkononi. Nikaingia kwa neno la siri la mtu wa kwanza: Georgette. La pili: Georgette. La tatu, ambaye ni mzee mwenye wajukuu tisa: Georgette. Ndipo nikakikumbuka kile kisanduku. Ningalikuwa nimeomba simu mbili za watu wawili tofauti kabla ya kumpigia Abbé, ningaliona kwa dakika moja. Nilikuwa nimejaribu kwa simu inayonipenda, tena kwa ukurasa wa saa za misa.

Sasa sikilizeni kosa langu la kweli, kwa maana la kisanduku lilikuwa la ujinga tu. Nilirudisha alama kimyakimya. Nikamwaga kilichokuwa chunguni. Nikaangalia dossier zote, kila mtu na mchumba wake. Kisha nikafunga kompyuta, sikumwambia mtu. Niliwaza: imetengenezeka, watafungua wenyewe, wataona, yataisha.

Dieudonné alifungua, akaona jina la Anualite limerudi. Akaruka, akaenda tena Rwambuzi na simu. Papa Kasereka akasoma, akaivua miwani.

“Aah. Jana Georgette, leo Anualite. Kumbe ulienda kubadirisha!”

Dieudonné akaapa.

“Nani iko nafanya ile mashine? Ule muzee Ordi. Ulimupatia nini?”

Mnaona nilichofanya? Nilipotengeneza bila kusema, nilimtengenezea kijana wa watu kosa la pili. Mwanzo alikuwa mwongo, sasa akawa mwongo na mtoa rushwa. Na mtu aliyeweza kumwokoa alikuwa amekaa nyumbani anakula mkate.

Na Georgette. Njiani walianza kumwita bibi ya parokia. Wanaume waliomfahamu na wasiomfahamu walimwita mchumba. Wiki nyingi baadaye nilikwenda kwao kuomba msamaha. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniletea maji, kisha akaniambia bila hasira, “Papa, weye ulijua tangu siku ya pili. Siku ya pili njo walianza kuniimbia mu njia.” Aliolewa na Bienvenu wake, wanaishi vizuri, lakini kwenye kwaya hakurudi. Jumapili wimbo unapopanda, mahali pake nasikia pengo. Hilo sikuweza kulitengeneza kwa kubonyeza kitu.

Ijumaa Dieudonné alirudi kwangu. Safari hii hakukimbia. Alikaa, akasema, “Papa Ordi, kesho wanamupeleka. Miye sina mujomba wa kwenda kunisemea. Iko weye tu mwenye unajua kama sikudanganya.”

Kama angenitukana, ningesema tena ni réseau. Lakini hakunitukana. Nikatia kompyuta yangu ndogo kwenye mfuko, nikavaa koti langu la kanisani, tukaenda Rwambuzi.

Mkoba wa Anualite ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa kamba. Yeye mwenyewe alikaa karibu na mama yake, Mama Masika, macho yamevimba. Papa Kasereka hakunipa mkono.

Nikakiri. Nikasema kosa ni langu, kijana hana kosa, niliondoa alama mahali ambapo haikufaa, kisha nikadanganya siku tatu. Nikaeleza habari ya maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Muzee mwenzangu,” akasema, “weye unaongea vizuri. Lakini kwa duka langu, mutu akiniambia kitenge hakitoki rangi, namwambia leta maji. Leta maji.”

Alitaka kuona. Na hapo, vijana, nilifanya jambo la busara na jambo la kipumbavu kwa mkono mmoja. La busara ni kwamba nilikubali kulirudisha kosa mbele ya macho yake, alione likizaliwa. Nikamwambia achague majina mwenyewe ya dossier mpya, asije akasema tumepanga.

“Andika miye,” akasema. “Kasereka. Na muchumba, andika Masika. Nione kama mashine yako itanidanganya.”

Anualite akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Nikaandika. Nikaondoa alama kwenye kisanduku. Nikafungua dossier ya Kasereka kwanza, kwenye kompyuta, wote wakaona: mchumba wako ni Masika, masomo yaliyobaki ni yote, karatasi zinazokosekana ni zote.

“Sasa Dieudonné, fungua ya kwako. Kwa simu yako. Neno lako la siri, usituonyeshe.”

Dieudonné akafungua. Akaangalia. Akaitupa simu mezani kama inayomchoma, akageukia ukutani na kufunika uso.

Papa Kasereka akaiokota. “Muchumba wako ni… Masika?” Sauti ikapanda. “Masika! Mama mukwe!”

Mnajua kwetu kijana hathubutu hata kumtazama mama mkwe machoni. Hakai kiti alichokalia. Na sasa kanisa limemwandika kuwa mchumba wake. Dieudonné alikuwa anauambia ukuta, “Bwana Yesu, sikuandika miye, sikuandika miye,” na Anualite amelala kwenye kochi kwa kicheko. Mzee alimtazama kijana yule aliyeshikamana na ukuta, akaitazama simu, akaitazama kompyuta. Niliona jambo likimwingia pole pole.

“Kwa hiyo,” akasema, “ule Georgette…”

“Ndivyo alivyoingia, Papa. Kama Mama Masika.”

Ningeweza kuishia hapo, mshindi. Lakini simu yangu ikalia. Alikuwa Bienvenu.

“Papa Ordi! Asubui nilikuwa na Georgette. Sasa niko na Mama Masika. Mama Masika miye namujua, njo mwenye ananiuzishaka sabuni!”

Hilo ndilo la kipumbavu. Sikuwa na tovuti ya majaribio. Nilikuwa nimelirudisha kosa kwenye tovuti yenyewe, ile inayosomwa na mji. Sikumaliza kumjibu Bienvenu, simu ya Abbé ikaingia, nikaipokea.

“Papa Ordi, Mama Masika iko na bachumba kumi na saba. Nisome tangazo gani mu misa?”

Nikasogeza kidole kwenda kufuta.

“Ngoja,” alisema Mama Masika.

Alichukua simu ya Dieudonné kutoka mkononi mwa mume wake, akaiweka karibu na macho, akaisoma polepole. Akaisoma tena.

“Usifute.”

“Mama, watu wote wanaona…”

“Nasema usifute, Papa Ordi.” Akamgeukia mume wake. “Baba Anualite. Weye ulisema mwanaume mwenye hawezi kuandikisha bibi mu kanisa haiko mwanaume. Ya kwangu uliandikisha wapi?”

Hata Dieudonné aligeuka kutoka ukutani.

“Mama Anualite, ile siku nilikuambia, tumalize duka kwanza…”

“Duka liliisha. Ukasema vita iishe. Tukahama. Ukasema batoto bakomae. Moja yuko hapa na mukoba. Leo njo siku ya kwanza jina langu linaandikwa mu ile nafasi. Na haukuandika weye. Iliandika mashine ya Papa Ordi, kwa kukosea.”

“Tuongee baadaye. Iko batu.”

“Mbele ya batu njo vizuri.”

Papa Kasereka alikaa chini. Simu yangu bado ilikuwa wazi sikioni, na Abbé, ambaye alikuwa amesikia yote, aliuliza kwa sauti ya upole sana kama Papa Kasereka yuko karibu. Nikampa. Sijui aliambiwa nini. Niliona tu anaitikia, “Ndiyo, Abbé. Ndiyo. Ndiyo, Abbé.” Alipoirudisha simu, akaniuliza bila kunitazama:

“Inabakia masomo ngapi?”

“Yote, Papa.”

Anualite aliinuka, akaenda mlangoni, akaanza kufungua kamba ya mkoba wake. Hakuna aliyemzuia.

Siku ile ile niliirudisha alama, nikatangaza kanisani kwa mdomo wangu kwamba kosa lilikuwa langu, wala si réseau. Kila dossier ikapata jina la mwenyewe juu kabisa, na maneno mawili ya siri, la mwanamume na la mwanamke. Chunguni nikaacha saa za misa, matangazo na picha za kwaya, na kila tangazo linapobadilishwa, chungu kinamwagwa. Nilimwonyesha Espérance. Hakunigombeza. Aliuliza tu nimejaribu kwa simu ya nani. Nikamwambia ya Bienvenu. Akasema sawa, huyo kweli hakupendi.

Kwa hiyo nikiwaachia kitu, ni hiki: kabla ya kuwasha cache, jiulize ni jibu la nani hili. Ujue namna ya kuimwaga kabla ya kujua namna ya kuiwasha. Kosa ulirudishe pembeni, kwenye tovuti isiyosomwa na mtu. Na ukikosea, sema siku ya kwanza. Ya pili tayari watu wanaimbiwa njiani.

Papa Kasereka alisoma masomo yake yote mchana mchana, akikaa benchi moja na Dieudonné, aliyekuwa amemtangulia mbali. Cheti chake cha ubatizo kilikuwa Butembo, na kikachelewa. Kila asubuhi alipita kwangu. “Papa Ordi, ya kwangu iko sawa?” Nilimwambia afungue mwenyewe kwenye simu. Alikuwa hajui. Mkwe wake alimfundisha.

Jumamosi ya ndoa, wiki kadhaa baadaye, alimleta Anualite mpaka mbele ya altare, akauweka mkono wake katika mkono wa Dieudonné, kisha akazunguka, akaenda kusimama katika mstari ule ule, nafasi ya mwisho, karibu na Mama Masika aliyevaa kitenge kipya cha dukani kwao. Nilikuwa nimesimama nyuma na Mama Régine. Abbé alipita kwa wachumba mmoja mmoja na karatasi mkononi. Vijana waliitikia kwa aibu. Alipofika mwisho, akaanza, “Masika, unakubali kumupokea Kasereka…”

“Ndiyo,” alisema Mama Masika, na Abbé bado hajamaliza kuuliza.